Siku Danstan Alipohojiwa Kilimani

Katika ofisi ya Nyota ya Mpaka pale Rusumo, kikombe chenye chai iliyopoa kilijulikana ni cha Danstan. Aliviacha kila mahali: juu ya printa, dirishani, kwenye sanduku la nyaya, na siku moja wafagiaji walikuta kimoja msalani. Alikuwa akimimina chai, anapiga funda moja, simu inalia, anaondoka. Akirudi hakumbuki alikiacha wapi, anamimina nyingine.

Kampuni yenyewe ni ya uwakala wa forodha. Lori likitoka bandarini Dar es Salaam kwenda Kigali, watu wa Nyota ya Mpaka ndio wanaoandaa nyaraka zake na kuzituma kwa mtandao ili lipate ruhusa ya kuvuka daraja la mto Kagera mpakani. Mtandao ukiwa mzima, hakuna anayemkumbuka Danstan. Ukikatika, jina lake linaitwa kuanzia getini hadi jikoni, na madereva wa malori, ambao hata hawamjui sura, wanauliza huyo Danstan ni nani na kwa nini hajafika.

Kwao Danstan ni Keza, wilayani Ngara. Alisomea kompyuta Mwanza, akarudi nyumbani kwa sababu kazi ilipatikana huku, na tangu hapo amekuwa mtu pekee wa TEHAMA kwa ofisi zote za kampuni mkoani Kagera: Rusumo, Ngara mjini na Biharamulo. Mkataba ulisema kazi yake ni kusimamia mifumo. Mkataba haukusema kwamba ataitwa kutazama birika la umeme, kengele ya geti, na king'amuzi cha nyumbani kwa meneja. Kwa wenzake kitu chochote chenye waya kilikuwa kompyuta.

Aliyemwita zaidi ni Kwandu, mwandaaji wa nyaraka, mwanamke mtulivu kutoka Nyabusozi ambaye hakuwahi kupandisha sauti wala kuharakisha jambo. Mfumo wa kampuni ulimtaka kila mtu abadilishe nenosiri kila mwezi, na haukukubali la zamani kurudiwa. Kwandu akaamua kutumia majina ya kata. Alianza na Nyabusozi, akaenda Runazi, Kalenge, Nyakahura, mpaka karibu azimalize kata zote za Biharamulo. Ofisi nzima ilijua yuko kata gani.

"Dani," alimwita asubuhi moja, "mfumo umenifungia nje."

"Umeandika nini, dada Kwandu?"

"Lusahunga."

"Basi andika tena polepole."

"Nimeandika. Tatizo, sikumbuki siku ile niliandika Lusahunga au Rusahunga. Kwetu tunasema yote mawili."

Danstan alimfungulia, akamwomba asitaje nenosiri kwa sauti mbele ya wateja, na kabla hajamaliza kusema simu ikalia kutoka Biharamulo.

Yote hayo angeyavumilia kama si mambo ya tiketi. Makao makuu Dar es Salaam yalikuwa yameleta utaratibu mpya: mtu mwenye tatizo asimpigie fundi, aingie kwenye tovuti iitwayo Dawati la Msaada, ajaze maelezo, apewe namba. Hiyo namba ndiyo tiketi. Aliyesimamia Dawati huko Dar aliitwa Elick, kijana mwenye sauti laini kama ya mtangazaji wa redio, na msemo wake ulikuwa mmoja: pasipo tiketi hakuna tatizo.

"Mtandao ukikatika, Elick, watu wafungue tiketi kwa njia gani?" Danstan alimuuliza katika juma la kwanza.

"Kupitia tovuti."

"Tovuti iko kwenye mtandao."

"Ndiyo maana tunasisitiza mtandao usikatike," Elick alijibu, na alimaanisha.

Watu wa Rusumo hawakufungua tiketi hata moja. Waliendelea kumpigia Danstan, na ripoti za Dar zikaonyesha kwamba Rusumo haina matatizo kabisa, hivyo haihitaji mtu wa pili. Kila mwisho wa mwezi alisoma ripoti hiyo huku simu ikimlilia mezani. Usiku alilala simu ikiwa kifuani. Mara nyingine aliamka na kuitazama kwa sababu ilikuwa kimya mno.

Kwa hiyo nafasi ya mhandisi wa mtandao ilipotangazwa makao makuu, aliomba siku hiyohiyo. Alijiona ameketi katika chumba chenye kiyoyozi, mbele ya skrini mbili, akifanya kazi moja mpaka mwisho. Alipoitwa kwenye usaili kwa njia ya video, hakumwambia mtu ila Kwandu, na Kwandu, kwa utulivu wake, akawaambia wote.

Siku ya usaili alifika ofisini amevaa koti jeusi na tai aliyonunua kwa ajili ya harusi ya kaka yake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mawingu yamekaa juu ya mto. Alifuta vumbi kwenye kamera ya kompyuta. Alihamisha kalenda ya ukutani isionekane nyuma yake. Usaili ulikuwa saa nne. Ilipopita kidogo saa mbili asubuhi, taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku cha mtandao ikawa nyekundu.

Hakuhitaji kuinua kichwa. Alisikia viti vikisukumwa.

"Dani," Kwandu alisema kutoka mezani kwake, "kitu kimesimama."

Malongo, meneja wa tawi, alitoka ofisini kwake. Alikuwa mtu mnene, mcheshi akishiba na mkali akiwa na njaa, na hakuwa amekunywa chai bado. Nje ya dirisha madereva walikuwa wameanza kushuka kwenye malori. Mmoja wao, aliyebeba samaki wabichi wa ziwani, alisimama dirishani na kutazama ndani bila kusema neno, na huyo ndiye aliyetisha kuliko waliokuwa wakifoka.

"Ni nini?" Malongo aliuliza.

"Nadhani ni kilimani, bosi. Kituo hakijibu."

Kampuni ilipata mtandao wake kutoka Ngara mjini, na kwa kuwa milima iko katikati, mawimbi yalipokelewa na kurushwa tena na kisahani kilichofungwa juu ya mlingoti katika shamba la mama mmoja, kwenye kilima kilicho nyuma ya mji mdogo wa Benaco. Pale palikuwa na paneli ya sola, betri, na kabati dogo la chuma.

"Basi nenda."

"Bosi, saa nne nina..." Danstan alianza.

"Najua una nini. Kwandu ameniambia. Huo usaili utaufanyaje bila mtandao?"

Swali lilikuwa la haki, na ndilo lililomuuma. Alichukua begi la vifaa, akapanda pikipiki akiwa na koti na tai, na njia nzima alimhimiza mwendeshaji aongeze mwendo na papo hapo akamwonya kuhusu utelezi, mpaka yule akamwambia achague moja.

Mwenye shamba aliitwa mama Leonsia Nimpaye. Wazazi wake walikimbia Burundi zamani. Yeye alizalia watoto wake hukuhuku, akawasomesha, akazeekea hapo akilima migomba na maharage. Danstan alimkuta amesimama mlangoni amejifunga kanga mabegani, anamtazama anavyopanda mteremko akiteleza na viatu vyake vya harusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kanisani?"

"Nimekuja kwenye mtambo, mama. Umezimika."

"Ego," alisema mama Leonsia, akikubali kwa lugha ya kwao, bila mshangao wowote. "Najua. Nilifikiri mngekuja mapema."

Danstan alifungua kabati la chuma. Pembeni ya nyaya zake palikuwa na waya mwingine mwekundu, uliofungwa vizuri kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ukapita chini ya mlango wa kabati, ukavuka ua, ukaingia katika chumba kidogo cha udongo. Aliufuata. Ndani ya chumba kulikuwa na boksi kubwa lenye maranda, na ndani ya boksi vifaranga, wengi, wa njano, wamerundikana chini ya taa iliyobakiwa na mwanga hafifu wa rangi ya chungwa.

Alisimama akiwatazama. Malori yote yale, samaki wote wale, na usaili wake.

"Mama," alisema hatimaye, akijitahidi sauti isipande, "hii betri ni ya mtandao. Taa ya kupasha joto inaimaliza yote usiku, na jua leo halipo."

"Wewe ulitaka nifanyeje? Meneja wenu, yule mnene, alipokuja kuomba kiwanja aliniahidi taa. Alikula hapa, ndizi na maharage. Alishiba, akaahidi. Nimengoja. Nikapiga ile namba mliyoibandika kwenye kabati. Nikampata kijana wa Dar, ana adabu sana, sauti nzuri. Akaniambia nifungue tiketi."

"Tiketi?"

"Nikamwambia mimi sisafiri."

Danstan alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kicheko kilimpanda, kikakutana na hasira njiani, akabaki anakohoa. Alitaka kung'oa ule waya na kuondoka. Mkono wake ulikuwa tayari umeushika. Lakini vifaranga wakaanza kulia kwa pamoja, baridi ya mvua ikipita chini ya mlango, na mama Leonsia akapiga magoti kando ya boksi bila kumlaumu, bila kumwomba, akawafunika kwa kanga yake.

"Tukiwapeleka jikoni?" aliuliza Danstan.

"Wa mwaka jana niliwapeleka jikoni. Moshi uliwamaliza."

Akatoka nje akazunguka ua. Alishindwa kusimama mahali pamoja. Alikwenda kwenye mlingoti, akarudi, akaenda tena. Kisha akaona vidumu vya mafuta ya kula vikiwa vimepangwa ukutani, akamwambia mama Leonsia achemshe maji. Walijaza vidumu maji ya moto, wakavizungushia nguo ili visichome, wakavipanga ndani ya boksi. Nguo hazikutosha. Danstan alilitazama koti lake, akavua, akalizungushia kidumu cha mwisho. Vifaranga walitulia mmoja mmoja, wakajisogeza kwenye bitana yake.

Sasa ilibaki betri. Alimpigia Kwandu.

"Dada Kwandu, betri ya hapa imekauka. Nahitaji nyingine yenye chaji, iletwe sasa hivi. Stoo kuna yoyote?"

"Stoo hakuna," alisema Kwandu. "Iko moja ofisini kwa bosi. Ya runinga."

Malongo alikuwa ameweka betri ya sola na inveta chini ya meza yake ili umeme ukikatika asikose mpira. Hakuna aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi.

"Bosi yuko wapi?"

"Getini, anawatuliza madereva."

"Atakubali?"

"Sijamuuliza," alisema Kwandu kwa sauti ileile aliyotumia kutaja kata. "Naitoa. Naipakia kwenye pikipiki."

Ilipita zaidi ya nusu saa, na Danstan alikuwa bado anaingoja pikipiki, simu ilipoanza kulia tena. Ilikuwa simu ya video. Saa nne ilikuwa imefika na Dar es Salaam walikuwa wanamtafuta.

Pale kilimani, tofauti na ofisini, simu ya mkononi ilishika vizuri hata kwa video. Aliegemea ukuta wa udongo, akaiweka tai sawa juu ya shati lenye matope, akapokea. Kwenye kioo akaona meza ndefu na watu wawili. Mmoja alikuwa mama Ildefonsa, mkuu wa TEHAMA wa kampuni nzima, mwanamke mwenye miwani na maneno machache. Wa pili alikuwa Elick.

"Bwana Danstan, tunakuona," alisema mama Ildefonsa. "Hapo ni ofisini?"

"Hapana mama. Niko kwenye kituo cha mawimbi. Kuna hitilafu, naishughulikia."

"Tunaweza kuahirisha?"

Alijua alipaswa kusema ndiyo. Lakini alijua pia kwamba usaili ukiahirishwa nafasi hupewa mwingine, basi akasema yuko tayari.

Elick alisoma swali la kwanza kutoka kwenye karatasi. "Tueleze namna unavyotumia Dawati la Msaada kupunguza usumbufu kwa watumiaji."

Danstan alikuwa na jibu. Alilikariri juma zima, jibu lenye maneno kama ufanisi na uwajibikaji. Alifungua mdomo, na badala yake akasikia mlango ukilia nyuma yake.

"Hiyo sauti naijua," alisema mama Leonsia. Alikuja na birika la maji moto mkononi, akainama juu ya bega la Danstan, akachungulia kioo. "Ni wewe. Ni wewe uliyeniambia nifungue tiketi."

Elick alitazama mezani.

"Huyu ni nani?" aliuliza mama Ildefonsa.

"Ni mwenye shamba lenye mtambo wetu," alisema Danstan, na kwa kuwa hakuona tena cha kuficha, aliendelea. "Alipiga simu Dawati kuomba taa aliyoahidiwa. Aliambiwa ajaze tovuti. Hana simu ya kufungua tovuti, mama. Hata sisi Rusumo mtandao ukikatika hatuna pa kujazia. Kwenye ripoti zenu sisi hatuna matatizo. Leo malori yamesimama hadi barabarani, na nikimaliza hakutakuwa na alama yoyote kwamba yalisimama."

Mama Ildefonsa alivua miwani. Alitaka kusema jambo, lakini bondeni mlio wa pikipiki ulikuwa unapanda, na Danstan alikuwa amekwishaiona: betri ya Malongo, imefungwa nyuma kwa kamba ya katani.

"Samahanini sana," alisema. "Betri imefika."

Hakukata simu. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini. Aliisukuma mikononi mwa mama Leonsia akakimbia.

Alifanya kazi vidole vikiwa na baridi. Aliondoa betri iliyokauka, akaunga ile nyingine, akafunga nati, akatazama. Taa za kisanduku zikawaka nyekundu, zikasita, zikawa kijani. Simu ya mwendeshaji pikipiki ikalia, Kwandu akisema kitu kimeanza kwenda. Mbali, kutoka upande wa mpaka, zilisikika honi za malori.

Aliporudi uani, mama Leonsia alikuwa ameketi kwenye ndoo, simu imezimwa mapajani.

"Wameondoka?"

"Wameondoka. Wamesema watakupigia." Alifuta kioo kwa upindo wa kanga. "Yule mama ni mtu mzuri. Nimemwonyesha vifaranga. Nimemwambia wakikua nitamtunzia jogoo."

"Ulimwambia nini kuhusu mimi?"

Mama Leonsia alifikiri. "Hakuuliza."

Njiani kurudi Danstan hakumhimiza mwendeshaji. Alikaa nyuma na shati lake tupu, mvua ikimpiga, akiwaza yale aliyopaswa kusema na lile jibu zuri ambalo sasa halina kazi. Alipofika, dereva wa samaki alikuwa amekwisha vuka. Hakuna aliyempongeza, watu walikuwa wameinamia kompyuta zao kana kwamba mtandao haujawahi kukatika. Kwandu peke yake aliinua macho, akatazama lile shati, akauliza, "Koti liko wapi?"

"Limelaliwa na vifaranga."

"Aa," alisema Kwandu, akaendelea kuandika.

Umeme ulikatika jioni ileile, timu ya Malongo ikiwa uwanjani. Meneja aliinama chini ya meza yake akakuta nafasi tupu. Kwandu alimwambia ukweli wote, kwa utulivu, mpaka kwenye ile ahadi ya taa na zile ndizi na maharage alizosimuliwa na Danstan, na Malongo, ambaye alikuwa amejiandaa kufoka, aliishia kuuliza tiketi inafunguliwaje. Kisanduku cha mtandao kilikuwa na betri yake ndogo ya ndani, basi alirudi mezani, akafungua kompyuta iliyobakiwa na chaji, akaandika kwa kidole kimoja. Ndivyo Rusumo ilivyopata tiketi yake ya kwanza. Ilisomeka: Runinga ya meneja haina umeme, shughulikieni haraka.

Nafasi ya Dar hakuipata. Barua pepe ilikuja baada ya majuma kadhaa, ya adabu, ikimshukuru kwa kushiriki. Danstan aliisoma amesimama kando ya printa iliyokwama, akaifunga, akavuta karatasi iliyonasa kwa nguvu hadi ikachanika. Kwa siku kadhaa Kwandu alimletea chapati asubuhi na kuziweka mezani, naye alizila huku akijibu simu.

Kisha ikaja ya pili, kutoka kwa mama Ildefonsa mwenyewe. Kuanzia sasa, iliandikwa, matatizo ya mtandao yaweza kuripotiwa kwa simu. Kwa matawi yote ya mipakani, kuanzia Rusumo hadi kusini kabisa kule Tunduma, mtu wa kupigiwa ni bwana Danstan, aliyepewa cheo cha mratibu. Namba yake ya mkononi ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi nene. Alikuwa ameomba utulivu, wakampa nchi nzima. Lakini mstari wa mwisho ulisema tawi la Rusumo litaajiri mtu wa pili, na kwamba mama Leonsia atawekewa paneli yake, betri yake na taa zake, kwa gharama ya kampuni.

Alikwenda kuzifunga mwenyewe, siku yenye jua. Vifaranga walikuwa wameota manyoya, wanakimbia uani. Koti lake lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi ya mkaa, ingawa harufu haikutoka yote. Alipomaliza kufunga taa ya mwisho, mama Leonsia alimwekea sahani ya ndizi na maharage, akamwonyesha kigoda.

"Nina haraka, mama."

"Kaa."

Alikaa. Hajameza tonge la pili, simu ikalia mfukoni. Alipoitoa mama Leonsia alimnyang'anya, akaipokea.

"Yuko hapa," alisema. "Anakula. Wewe ni nani? Tunduma? Ndiyo wapi huko? ... Mbali. Na huko mvua imenyesha?"

Danstan alinyoosha mkono, mama Leonsia akageuka, akampa mgongo, akaendelea kuuliza habari za mahindi. Basi akala. Alikula upesi, macho kwenye simu, sikio likijaribu kubaini kutoka kwa maneno ya mama Leonsia ni kitu gani kimeharibika huko Tunduma, na kama ni kisanduku, au waya, au mtu tu amesahau nenosiri. Chini bondeni malori yalikuwa yanakwenda. Sahani ilipobaki tupu aliinuka, akashukuru, akasimama mbele yake na mkono wazi mpaka akaipata simu yake.

"Haya, nipo," alisema, akianza kuteremka kilima na begi begani. "Nieleze polepole."